Magugu ya Ziwa Victoria: tatizo ni mkataba wa kibarua, si idadi ya vibarua

Mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wa Mwanza na Sengerema waliona jambo ambalo wengi walidhani limebaki kwenye simulizi za miaka ya tisini: vivuko kati ya Kigongo na Busisi vikihangaika kupenya kwenye magugu, abiria wamepanga foleni juani, mitumbwi imekwama mialoni. Safari hii halikuwa tu gugu maji, lile la maua ya zambarau tulilolizoea. Lilikuja na jingine, salvinia, dogo na laini, lililoshonana juu ya maji kiasi cha mtu wa mbali kudhani ni nchi kavu. Viongozi walifika, wavuvi na vijana wa mialoni wakaingia majini na reki, mashine zikaahidiwa. Juni ya mwaka huohuo Daraja la JP Magufuli likafunguliwa, abiria wakaanza kuvuka kwa magari, na habari ya magugu ikapoa. Daraja limeondoa foleni ya kivuko, lakini mwalo wa mvuvi haukuhamia juu ya daraja. Bado mama anayeanika dagaa anategemea mtumbwi ufike ufukweni, na pampu ya maji bado inavuta kutoka ghuba ileile.

Nadhani tulichokiona majini wakati ule, yaani watu wenye reki na uma wakivuta magugu kwa mikono, kimeeleweka vibaya na pande zote mbili. Wanaoibeza kazi hiyo wanaiona kuwa ni kujishikiza tu mpaka mashine ifike. Wanaoisifu wanaisifu kama njia ya kuwapa vijana posho ya wiki mbili tatu. Wote wanaitazama siku ya kwanza, siku ya kamera, wakati thamani ya kibarua wa magugu iko katika siku ya ishirini na siku ya sitini, anaporudi mahali palepale kuondoa kidogo kilichochipua. Serikali na wafadhili wakiendelea kumlipa kwa siku ya kwanza peke yake, fedha itakuwa inazama ziwani kila mwaka, haidhuru wameajiriwa watu wangapi.

Tuanze na mmea wenyewe. Gugu maji, ambalo asili yake ni bonde la Amazon, lilionekana Ziwa Victoria upande wa Uganda kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na Mto Kagera umekuwa ukilishusha kutoka juu. Mwaka 1998 lilifika kilele. Katika Ghuba ya Winam peke yake, upande wa Kenya, vipimo vya setilaiti vilionyesha takriban hekta 17,000. Linazaa kwa njia mbili: linatoa vikonyo vya pembeni vinavyobeba watoto, na linadondosha mbegu zinazoweza kukaa kwenye tope hadi miaka 20 zikisubiri. Maji ya ziwa yakipungua na tope la ufukweni likapata jua, mbegu hizo huamka. Salvinia, iliyotoka kusini mashariki mwa Brazil, haina mbegu kabisa, na baadhi ya watu wakisikia hivyo hufurahi. Wasifurahi upesi. Kila kifundo cha mmea huo kina jicho, na kila kipande chenye jicho ni mmea mpya. Chukua jani moja ulitazame kwa karibu: juu limejaa vinywele vilivyosimama, kila kimoja kimegawanyika nchani kisha ncha zikaungana tena. Vinywele hivyo hukamata hewa, maji yanateleza, jani halizami hata ulikandamize. Sasa mpe reki kijana ambaye hajaelekezwa, apige kwa nguvu. Anachovuta ufukweni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ameikatakata na kuisambaza.

Katika maji yenye rutuba kama ya ghuba zetu, gugu maji linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili au pungufu, na salvinia ina kasi zaidi. Tuseme kikosi kimefanya kazi ya kupigiwa mfano na kuondoa sehemu tisa kati ya kumi kwenye ghuba ndogo. Ile sehemu moja iliyobaki itakuwa mbili baada ya wiki mbili, nne baada ya wiki nne, nane baada ya wiki sita, na kabla ya wiki ya saba kwisha ghuba imejaa tena. Yaani kampeni iliyofanikiwa kwa asilimia 90, yenye picha nzuri na hotuba, inanunua muda usiofika miezi miwili. Lakini watu wachache wakirudi kila baada ya siku kumi, wakazunguka kingo za mafunjo kwa mtumbwi na kuokota machipukizi kabla hayajaungana, ile hesabu inageuka upande wao. Mkulima yeyote wa Kanda ya Ziwa analijua hili: hakuna anayepalilia mahindi mara moja akaenda kulala. Kwa ziwa tumeamua kusahau palizi ya pili.

Wapo wanaosema jibu ni mashine, na hoja yao ina uzito. Hekta moja ya gugu maji lililoshonana inaweza kuwa na tani 300 au zaidi za uzito mbichi, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya uzito huo ni maji. Hakuna kikosi cha vijana kitakachobeba mzigo wa hekta 1,000, achilia mbali 17,000. Njia ya kivuko ikiziba leo, mashine ya kuvuna inahitajika leo. Ila mashine ina mipaka isiyosemwa kwenye hafla za makabidhiano. Inahitaji kina, kwa hiyo haiingii kwenye maji ya kufika magotini katikati ya matete, na humo ndimo kitalu cha magugu kilipo. Inahitaji mafuta, vipuri na fundi. Zile za kukatakata na kuacha mabaki majini, kama iliyotumika Ghuba ya Winam miaka ile, huacha mzigo unaooza na kumaliza hewa ambayo samaki wanaihitaji. Kwa salvinia, kukatakata ni kupanda. Mashine ifanye ufunguzi, iondoke. Baada ya hapo lazima awepo mtu mwenye kapu.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya mashine: wadudu. Fukusi wa aina mbili wanaokula gugu maji waliachiwa Uganda mwaka 1995, kisha Kenya na Tanzania mwaka 1997, na kufikia mwaka 2000 magugu yalikuwa yamepungua sana. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha kazi kilifanywa na fukusi na kiasi gani kilifanywa na mawimbi na hali ya hewa ya El Nino ya 1997 na 1998, lakini hakuna anayewanyima fukusi sehemu yao. Kwa salvinia ushahidi uko wazi zaidi. Fukusi wake mahususi, aliyeachiwa Ziwa Moondarra nchini Australia mwaka 1980, alimaliza zulia la hekta 200 ndani ya muda wa takriban mwaka mmoja. Senegal nayo ilianza kwa kuwatuma wanajeshi na wanakijiji kuling'oa salvinia kwenye Mto Senegal, wakashindwa, kisha fukusi huyohuyo akafanikiwa. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini tuwalipe vibarua wakati yupo mdudu asiyedai mshahara, anauliza swali halali.

Jibu langu ni kwamba mdudu huyo hafanyi kazi bila watu. Miaka ya tisini, fukusi wa Ziwa Victoria walizalishwa pia na wavuvi na vikundi vya wanavijiji waliowafuga kwenye matangi kando ya ziwa, wakawabeba kwa mitumbwi na kuwaachia kwenye magugu. Lazima awepo mtu wa kuangalia kama wadudu wameshika, wa kuhesabu majani yenye alama za kuliwa, na wa kuacha kwa makusudi kipande cha magugu kama makazi ya fukusi ili wasife njaa kabla ya wimbi jipya kushuka kutoka Kagera. Kikosi kisichoelekezwa huondoa kila kitu, pamoja na wadudu wenyewe. Na mtu wa kuyafanya hayo yote ni yuleyule tunayemwita kibarua wa kung'oa, akipewa mafunzo ya siku chache na daftari.

Hapo ndipo neno "kazi isiyohitaji ujuzi" linapovunjika. Kazi hii haihitaji cheti, na hilo ni jema, kwa sababu ndiyo inayomfungulia mlango kijana aliyeishia darasa la saba. Lakini tazama anachopaswa kujua ndani ya mwezi wa kwanza. Atofautishe gugu na yungiyungi na mimea mingine ya asili inayoelea. Asikate mafunjo, kwa kuwa mizizi yake ndimo sato wadogo wanamojificha na ndiyo inayochuja tope kabla halijafika ziwani. Apitishe mkono chini ya mmea atafute kikonyo kinachounganisha mama na watoto, avute shada zima bila kulikata. Kwa salvinia, azungushe kamba yenye maboya kwanza, ndipo avue kwa wavu wenye matundu madogo. Arundike juu, mbali na mahali mawimbi yanapofika, kisha akague mtumbwi na nyavu kabla ya kuhamia mwalo mwingine, maana kipande kimoja kilichonasa chini ya ubao kinatosha kuanzisha ghuba mpya.

Kwenye mwalo mmoja wilayani Misungwi niliwahi kukuta vijana wakirundika magugu hatua moja tu kutoka kwenye maji. Jioni upepo ulipogeuka, mawimbi yalikuwa yanalamba marundo na kuyarudisha. Nikamuuliza mmoja wao kwa nini hawasogezi juu kidogo. "Kaka, sisi tunahesabiwa marundo," akajibu, akaendelea kuvuta. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa anafanya kwa bidii kile hasa alicholipwa kufanya, kwa kuwa aliyepanga malipo alihesabu kinachotoka majini na kusahau kuhesabu kinachorudi.

Kosa hilo si la kwetu pekee. Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1995, chini ya waziri Kader Asmal, mpango mkubwa wa kuwaajiri watu maskini kuondoa mimea vamizi kwenye vyanzo vya maji. Ni mpango ninaouheshimu. Umekuwa ukitoa kazi kwa takriban watu 20,000 kwa mwaka, zaidi ya nusu yao wanawake, na umewafikia watu ambao soko la ajira liliwasahau. Lakini tathmini za watafiti wa hukohuko zimeonyesha kwamba maeneo mengi yalisafishwa mara ya kwanza na kuachwa bila kurudiwa, na kwamba mimea vamizi iliendelea kuenea katika sehemu nyingi licha ya fedha iliyotumika. Kipimo kilichotawala kilikuwa siku za kazi zilizolipwa, na mikataba mifupi ilimaanisha kwamba mtu anayeanza kuielewa kazi ndiye anayeondoka. Ziwa Tana nchini Ethiopia, ambako gugu maji liliripotiwa mwaka 2011, maelfu ya wananchi wameingia majini kwa kampeni za mikono, na gugu limeendelea kurudi. Moyo wa watu haukupungua hata kidogo. Kilichokosekana ni watu wa kubaki baada ya kampeni kwisha.

Iko pia ile hoja ya "magugu ni fursa": tusuke vikapu, tutengeneze samani, mbolea, mkaa mbadala, gesi ya kupikia, na soko litaliondoa gugu lenyewe. Nawatakia heri wanaosuka, na vikapu vyao ni vizuri. Ila kama mkakati wa kusafisha ziwa, hoja hii ni dhaifu. Msukaji anahitaji vikonyo virefu vilivyokomaa, na gugu changa, lile linalopaswa kuondolewa mapema, halimfai. Salvinia haina hata kikonyo cha kusuka. Kukausha mzigo ambao zaidi ya asilimia 90 ni maji kunakula faida kabla hujafika sokoni. Kisha biashara ikistawi, mwenye biashara anahitaji magugu yawepo mwakani. Sitamlaumu, ila siwezi kumkabidhi ghuba.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi ofisini: kwamba hawa ni watu wa muda, wanajitolea kwa ajili ya ziwa lao, posho ya chakula na fulana vinatosha. Anayesema hivyo hajatazama mizizi ya gugu maji kwa karibu. Ni myeusi, mirefu, yenye nyuzi kama manyoya, na ndani yake hukaa konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo havihitaji jeraha wala havisubiri mtu ayanywe maji, hupenya kwenye ngozi nzima ya mguu uliozama. Kanda ya Ziwa inaujua ugonjwa huu vizuri mno. Madhara yake hayaonekani siku ya kazi. Huja baadaye, wakati orodha ya posho imeshafungwa na hakuna anayekumbuka nani alisimama majini saa ngapi. Tukiongeza nyoka wanaojikunja ndani ya magugu, na viboko na mamba katika baadhi ya ghuba, kazi hii inastahili gambuti ndefu, glavu, boya la kujiokolea, dawa ya kichocho, praziquantel, inayotolewa kwa ratiba, na jina la mwajiri linaloeleweka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya mtu aliyeajiriwa. Anayeitwa "mhamasishwaji" au "mwanakikundi wa kujitolea" akiumwa anabaki na familia yake. Kumwita mtu mzalendo ili usimnunulie gambuti ni dhuluma, na nimeichoka.

Kwamba kazi hii ni ya msimu, hilo halikwepeki. Mvua za vuli na za masika huosha mbolea, kinyesi na udongo wa mashamba mpaka ziwani, na magugu hunenepa kwa chakula hicho. Pepo huyahamisha kutoka ghuba hii hadi ile. Hakuna haja ya kikosi cha ukubwa uleule mwaka mzima, na halmashauri isiyo na fedha haiwezi kukilipa. Kinachotakiwa ni kikosi kidogo cha kudumu, tuseme watu wachache kila mwalo wenye kujua kila kona, kinachoongezewa vibarua wa msimu kabla mvua hazijaanza, na vibarua hao wawe walewale wa mwaka uliopita kadiri iwezekanavyo. Mfano wa karibu tunao. Kaya za walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hufanya ajira za muda, kwa kawaida siku 60 kwa mwaka, zikirundikwa kwenye miezi michache ambayo chakula ni haba. Kwa kuchimba lambo au kutengeneza barabara ya kijiji, mpangilio huo unafaa, na sababu yake ni ya kibinadamu: kaya inahitaji fedha wakati ghala ni tupu. Kwa magugu, siku zilezile 60 zikitawanywa, tano kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, zingeleta matokeo tofauti kabisa kwa gharama ileile ya ujira. Najua zinavuta pande mbili, njaa ya kaya na ratiba ya mmea. Pengine nusu ya siku ibaki kwenye miezi ya njaa na nusu itawanywe. Huo ni mjadala wa haki ambao sijausikia ukifanyika, kwa sababu kila mara tunabishana kuhusu idadi ya ajira na kuacha kalenda yake.

Hata kikosi bora hakitashinda ikiwa ziwa litaendelea kulishwa. Naitrojeni na fosforasi zinazotoka mashambani, mijini na viwandani ndizo zinazolifanya gugu likue kwa kasi ile, na mafunjo yanayofyekwa kwa ajili ya bustani za ufukweni ndiyo yaliyokuwa kichujio. Hilo halipunguzi haja ya vibarua, ila linaonyesha ukomo wao, na mwanasiasa asiwatumie kuficha bomba la maji taka lililo hatua chache nyuma yao.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri za kandokando ya ziwa zinaweza kuitumia nafasi hiyo kuingia mkataba na kikundi cha mwalo kama mtoa huduma, mkataba unaotaja kipande cha ufukwe kwa mipaka yake, kutoka mti fulani hadi mwamba fulani, na kulipa kila mwezi kwa kipande kilichobaki wazi baada ya ukaguzi, bila kujali marundo mangapi yametolewa. Vifaa vya kinga na dawa ya kichocho viandikwe kwenye bei ya mkataba, visiachwe kwa huruma ya msimamizi. Mkataba ukiwa hivyo, kijana wa Misungwi hatahitaji kuambiwa asogeze magugu juu. Atayasogeza mwenyewe, na akiona machipukizi manne matano kwenye matete siku ya soko, atashuka kuyatoa kabla ya kwenda sokoni, kwa kuwa mwisho wa mwezi ni yeye atakayeulizwa. Bajeti za halmashauri huanza Julai na vuli hufika Oktoba, kwa hiyo zabuni ikisubiri mpaka kivuko au pampu ikwame, kikundi kitakachoshinda kitaingia majini kikiwa kimeshachelewa.